Nilimwita Verediane Mwizi wa Ardhi Mbele ya Kijiji Kizima

"MWIZI! We ni mwizi wa ardhi! Mi nilikuona na macho yangu!"

Aliyekuwa anapiga kelele hizo ni mimi.

Na niliyemnyooshea kidole ni bibi wa miaka sabini na mbili, kashika jembe, miguu yote matope, katoka kufanya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, kama sisi wote.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kazi ya kijiji imeisha, watu zaidi ya mia wamekaa kwenye majani kusikiliza mkutano. Niliposema neno lile, hata mtoto aliyekuwa analia mgongoni kwa mama yake alinyamaza.

Bibi hakujibu. Aliniangalia tu... kisha akaangalia chini.

Nikajisemea, unaona? Asingekuwa na kosa angejitetea!

Jamani... nawaandikia haya na vidole vinagoma kwa aibu. Kwenye ukurasa huu kila mtu anasimulia ubaya aliotendewa. Mi nasimulia ubaya niliotenda mimi. Mkimaliza kusoma mnitukane, ruhusa mnayo.

Bon. Kwanza mnijue.

Naitwa Uwingabire, lakini hapa kijijini wote wananiita Mama Teta. Nimekulia Goma, mtaa wa Birere. Mwaka 2014 nikaolewa upande huu wa Rwanda na Wellars, mtu wa mitumbwi ya kuvua sambaza, vile visamaki vya Kivu. Kijiji chetu kiko ufukweni mwa ziwa Kivu, ukitoka Gisenyi mjini kwa pikipiki ni dakika ishirini. Nyumba kama arobaini. Mbele maji, nyuma kilima cha viazi na migomba.

Wellars alifariki miaka minne iliyopita, presha. Aliniachia binti yetu Teta, nyumba ya vyumba vitatu, jiko la nje, na kishamba kinachoteremka hadi karibu na ziwa.

Jirani yangu wa kushoto ndiye huyo bibi, Verediane. Mjane kama mimi, watoto wake wawili wako Kigali. Wellars alipokufa, bibi huyu alilala kwangu sakafuni wiki nzima ya msiba. Teta kambeba mgongoni kuliko nilivyombeba mimi.

Kati yangu na yeye hakuna ukuta. Kuna mstari wa miyenzi, ile miti ya vijiti vya kijani yenye utomvu mweupe, ukikuingia jichoni utalia siku nzima. Huku kwetu mpaka ni huo. Miyenzi ikishapandwa mstari, kila mtu anajua hapa kwangu, pale kwako.

Sasa mwaka jana akaja Jean-Luc.

Jean-Luc ni dalali wa viwanja, mtu wa mjini, raba nyeupe hata kwenye matope.

"Mama Teta, unalala juu ya mali na haujui! Huku kando ya maji wageni wanakutafuta sana. Weka nyumba ya wageni, mi nakuletea mutu wa kujenga, mutagawana faida."

Nyie! Mjane muuza sambaza aambiwe nyumba ya wageni? Usiku huo nilipanga hadi rangi ya mapazia.

Kesho yake akapima kiwanja kwa hatua, mbele nyuma, mbele nyuma. Akakunja uso.

"Shida iko moja tu. Kiwanja ni chembamba. Ungekuwa na mita nne zaidi upande wa huyu mukecuru, huyu bibi jirani yako, plan ingeingia muzuri."

"Mita nne nitoe wapi?"

Akafungua ramani ya viwanja kwenye simu, akatafuta namba ya kiwanja changu. Akaangalia simu, akaangalia miyenzi. Akaangalia simu tena.

"Eh! Mama Teta... hii mupaka haiko pahali yake."

"Unasema nini?"

"Kwa karatasi ya serikali ya 2011 mupaka iko pahali ingine. Kuna mutu aliisogeza."

"Kiasi gani?"

"Simu inaweza kudanganya kidogo, mi siko mupimaji. Lakini ni kama mita nne."

Mita nne!

Damu ikanipanda kichwani. Hizo hizo mita nne ninazozitafuta!

Hapo ningeuliza swali moja tu, swali la mtoto wa darasa la pili. Mpaka umesogezwa kwenda upande gani?

Sikuuliza!

Sikuuliza kwa sababu nilikuwa na ushahidi wangu. Mwaka 2014, siku zangu za kwanza za ubibi harusi, nilitoka asubuhi kumwaga maji nikamkuta Verediane kapiga magoti nyuma ya jiko langu. Ana panga, ana rundo la vijiti vya miyenzi, anavichomeka ardhini kimoja kimoja. Aliponiona alishtuka kidogo. Akasema, "Karibu, bibi arusi," akaendelea na kazi.

Nilimuona mwenyewe. Sikuhitaji kuambiwa na mtu.

"Nitaenda kumuuliza," nikamwambia Jean-Luc.

"Usifanye vile! Ukimuuliza peke yako atakataa. Sema mbele ya batu wote, atakosa pa kutokea."

Na mimi, mtu mzima mwenye akili zangu, nikamsikiliza mtu wa raba nyeupe. Nikaacha kuvuka hatua kumi na tano kwenda kwa mwanamke aliyenizikia mume.

Ndiyo ikawa ile Jumamosi.

Turudi pale pale. Nimeshapiga kelele. Bahizi, mkuu wa kijiji, akasimama.

"Mama Teta, neno hilo ni zito. Una hakika?"

"Kabisa! Alipanda ile miyenzi mi namuona!"

Bahizi akamgeukia bibi.

"Mama Verediane, ni kweli uliipanda wewe?"

"Ni kweli."

Watu wakaguna, "Yooo!"

"Na uliing'oa pahali pa zamani ukaileta pengine?"

"Ndiyo."

"Sababu gani?"

Verediane akainua uso, akaniangalia mimi, siyo Bahizi.

"Mama Teta anajua. Alikuwepo."

"Mi sijui kitu! Usinitie ndani ya uongo yako! Chef, mi nataka mupimaji wa serikali aje na mashine yake!"

"Mwanangu," akasema Verediane, sauti ya chini kabisa, "usiite mupimaji."

Nikacheka. Wallahi nilicheka mbele za watu!

"Unaogopa, eh?"

"Ndiyo. Naogopa."

Mnataka kukiri gani tena? Kijiji kizima kilisikia. Nikarudi nyumbani kifua mbele.

Wiki tatu za kumsubiri mpimaji, Verediane aliziishi vibaya. Bombani akifika na jerikani yake, mazungumzo yanakatika. Kikundi chao cha kuweka akiba, ambacho alikishikia ufunguo wa sanduku miaka tisa, kilimtumia mtu kuuchukua. Alikuwa anapika, akaufungua shingoni, akautoa bila neno. Mi nilikuwa nachungulia juu ya miyenzi.

Na nikafurahi. Naandika kama ilivyokuwa... nilifurahi.

Teta peke yake ndiye aliyeendelea kwenda kwake. Nikamkataza. Akanuna siku mbili.

Siku ya mpimaji ikafika. Kijana mpole, mashine yake ya miguu mitatu, vigingi vimepakwa rangi nyekundu kichwani. Kijiji kizima kilikuja nyuma yake. Mi nilivaa kitenge kipya. Verediane alisimama upande wake wa miyenzi, mikono mgongoni.

Kijana akaanzia chini karibu na maji. Akaangalia mashine. Akaivuka miyenzi... akaja upande wangu! Hatua moja, mbili, tatu, nne. Akagonga kigingi katikati ya vitunguu vyangu.

"We kaka, umekosea. Ni upande ule pale."

"Hapana, mama. Ni hapa."

"Angalia vizuri!"

"Nimeangalia, mama. Mashine inaweza kukosea vidole viwili. Haikosei mita nne."

Akapanda juu. Kigingi cha pili kikaangukia mbele ya mlango wa jiko langu. Jiko lote, na mafiga yake na kuni zake, likabaki upande wa Verediane.

Watu walianza kunong'ona.

Kijana akafika ukutani mwa nyumba. Akasimama, akajikuna shingo.

"Mama, samahani. Mstari unaingia ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani ya nyumba. Naomba tusogeze kitanda hiki."

Kilikuwa kitanda cha Teta.

Wakakisogeza. Kijana akapiga magoti akachora msalaba wa chaki kwenye saruji, pale pale miguu ya kitanda ilipokuwa. Teta alikuwa mlangoni na sare yake ya shule.

"Mama... kitanda changu kiko kwa Bibi?"

Nilitamani sakafu ipasuke initie ndani.

Bahizi akauliza watu, nani anaijua habari hii? Akasimama mzee Hitimana, mvuvi wa zamani, rafiki wa baba mkwe wangu.

"Mi naijua. Tangu ule mkutano huyu mama alinikataza kuisema. Wellars alijenga haraka haraka, anataka kuleta bibi arusi toka Goma. Kamba ya msingi ikapita mpaka, hakuangalia. Huyu mama alikuwa Kigali kwa watoto wake. Kurudi anakuta kuta zimesimama ndani ya shamba lake."

Akakohoa kidogo.

"Tulimwambia, mushitaki. Akasema, huyu mutoto ana arusi wiki mbili zinazokuja, bibi arusi tumukaribishe na kesi? Arusi ilipopita akachukua panga, akang'oa miyenzi yake mwenyewe, akaipanda nyuma ya jiko. Aliisogeza kuingia kwake."

Kuingia kwake. Mnanisikia? Alikuwa amepiga magoti siku ile akinipa mimi ardhi!

"Karatasi haikuandikwa," akaendelea Hitimana. "Wellars alileta bia, tukanywa kama desturi. Ardhi ikitolewa kwa mdomo, aliyekunywa ile pombe ndiye shahidi mpaka afe. Tulikunywa batu sita. Wanne wameshakufa. Tumebaki wawili."

"Wa pili ni nani?" akauliza Bahizi.

Mzee akanyoosha mkono.

"Ni huyu hapa. Mama Teta."

Hapo, ndugu zangu, kuna kitu niliwaficha tangu mwanzo. Acha nikitoe.

Ile bia naikumbuka. Ilikuwa wiki yangu ya kwanza. Wellars aliita watu, kreti mbili za Primus uani. Kinyarwanda changu kilikuwa cha kubahatisha, mtu wa Birere mimi! Wazee wakasimama wakasema maneno marefu, nikasikia "Verediane", nikasikia "imiyenzi". Wellars akanipa glasi.

"Kunywa kidogo. We ni mwenye nyumba."

"Ni bia ya nini?"

"Ya majirani," akasema, na akaangalia pembeni.

Nikadhani wananikaribisha mimi. Nikanywa, nikafuta mdomo, nikapiga makofi. Kila mtu alicheka kwa furaha.

Kutojua desturi kungesamehewa. Ubaya wangu uko kwingine. Siku ya mkutano, Verediane aliposema "alikuwepo", ile bia ilinijia kichwani. Ilikuja yote, na glasi yake, na jina la Verediane. Nikaifukuza. Nilikuwa nazitaka zile mita nne kupita kiasi.

Bahizi akafunga daftari lake.

"Sasa imepimwa mbele ya watu. Karatasi inasema ardhi ni ya Mama Verediane. Akisema ubomoe, Mama Teta, utabomoa. Mama, unasema nini?"

Wote tukamgeukia.

"Mi nina viazi vya kupalilia," akasema. Akachukua jembe, akaenda.

Siku mbili sikutoka nje. Siku ya tatu nikavuka zile hatua kumi na tano, nikapiga magoti mlangoni kwake. Alikuwa anachagua maharage kwenye ungo. Hakuniambia niinuke.

"Mama, nisamehe."

"Nilikuambia usiite mupimaji."

"Ulisema unaogopa..."

"Nilikuogopea wewe. Mi nilijua ule mustari unapita wapi."

"Sasa mbona hukusema pale mkutanoni? Ungenifunga mdomo!"

Akaacha maharage.

"Niseme nini? Wellars alijenga kwa shamba ya mwenzake? Marehemu? Na mutoto wake amekaa pale mbele anasikiliza?"

Nililia mpaka nikakosa pumzi. Bibi huyu alikubali kuitwa mwizi na watu zaidi ya mia ili mume wangu asisemwe kaburini!

Akaniacha nilie. Halafu akasema:

"Watoto wangu wamesikia habari. Wanakuja mwisho wa mwezi. Wanataka ubomoe, wana hasira sana. Mi nitakupa tena kabla hawajafika, sasa kwa karatasi. Jumapili tafuta mashahidi watatu. Tunywe, tusaini, Jumatatu tuende kwa notaire atie muhuri."

Nikabusu mikono yake. Hakuiondoa, lakini hakunishika.

Jumapili nilifagia uani tangu asubuhi. Nikaazima viti, nikaweka kreti ya bia kivulini, nikapanga glasi. Niliita watu tisa, saa nane mchana.

Saa nane, hakuna mtu.

Saa tisa, hakuna mtu. Verediane amekaa na fimbo yake. Karatasi iko mezani, nimeiwekea jiwe isipeperuke.

Nikaenda mwenyewe kwa mzee Hitimana.

"Muzee, tunakungoja."

"Mi siji."

"Kwa nini, baba?"

"Nilishakunywa pombe ya ile ardhi. Niliyekunywa naye akamwita mwenye ardhi mwizi. Nikinywa tena na wewe, nakuwa shahidi wa nini?"

Akaingia ndani, akafunga mlango polepole.

Nikarudi. Verediane akauliza, "Banakuja?"

"Hapana, mama. Hakuna anayekuja."

Kisha akashika fimbo, akainuka na magoti yake mabovu.

"Unaenda wapi? Tuende wote!"

"We kaa. Wakikuona hawatatoka."

Nikakaa. Nikamuona akipanda kile kilima mlango kwa mlango. Anabisha, anasimama, anaongea, kakunjua viganja mbele kama anayeomba chumvi. Mlango unafungwa. Anaenda mwingine. Mwanamke niliyemwita mwizi anawabembeleza watu waje wanishuhudie nyumba yangu! Nilihesabu milango saba, halafu nikashindwa kuangalia.

Karibu saa kumi na moja akarudi na watatu. Hitimana, na wanawake wawili wa kile kikundi chao cha akiba. Hawakunisalimia. Bahizi alikuja akasoma karatasi. Wakasaini, mmoja akaweka dole gumba.

Ardhi ikawa yangu, kwa maandishi sasa.

Nikafungua chupa mbio mbio. Nikamimina. Nikampa Hitimana glasi kwa mikono miwili.

Hakuipokea. Akavaa kofia yake.

"Tumesaini kwa ajili ya mukecuru. Kunywa, hapana."

Wakaondoka wote watatu. Bahizi naye akasema ana mgeni.

Tukabaki mimi na Verediane, na zile glasi zimejaa mezani. Nikamsogezea yake.

"Mama, basi unywe wewe."

Akaishika. Akaiangalia muda mrefu. Akairudisha mezani taratibu.

"Tumbo," akasema. "Linanisumbua."

Tumbo lake halina shida yoyote. Akapita kwenye miyenzi akarudi kwake.

Hiyo ilikuwa miezi mitano iliyopita. Notaire ameshaweka muhuri, watoto wake walikuja wakakuta yamekwisha, wakanitazama tu. Jean-Luc hapokei simu. Nyumba ya wageni sikujenga, na sijengi. Teta analala pale pale. Asubuhi anapita kwa Bibi kumchotea maji, na mi simkatazi tena.

Karatasi ninayo kwenye sanduku. Lakini hakuna aliyeinywea, na huku kila mtu anajua maana yake: kijiji hakijanisamehe.

Funzo langu ni fupi. Kabla hujamwita mtu mwizi, nenda kwake, kaa, muulize. Ukiambiwa kitu kimesogezwa, uliza kimesogezwa kwenda kwa nani. Na kumbukumbu ikikujia wakati huitaki, usiifukuze. Ya kwangu ilinijia mapema ya kutosha kumwokoa bibi wa watu, nikaifukuza kwa ajili ya mita nne.

Verediane nimeshamuomba msamaha mlangoni kwake. Jina lake nilichafua mbele ya wote, na hapo sijasimama bado. Miezi mitano! Kila umuganda nasema leo, kila umuganda narudi na neno tumboni.

Jumamosi hii ni umuganda, nitasimama niseme. Nimeanza na ninyi kwa sababu hamnijui hata sura. Wale wa kule wananijua.